Kusi, kaskazi na safari yenu ya Omani

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, nimeipata barua yako unayoniuliza kama ni busara kuwapeleka wajukuu zangu Omani mwezi wa Julai, shule zikiwa zimefungwa na hoteli za Maskati zikiwa rahisi, au msubiri mpaka Desemba. Urahisi huo una sababu yake. Kuanzia Juni hadi Agosti joto la Maskati hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na kwa kuwa mji uko pwani, unyevunyevu wa bahari hulifanya lielemee zaidi. Mwaka ule nilipokwenda Julai kumtazama mama yako mdogo, tulishinda ndani na kiyoyozi. Soko la Matrah tuliliendea baada ya Isha tu, na hata saa hizo mawe ya njia ya pwani yalikuwa bado yanatoa fukuto la mchana. Watoto wadogo hawataiweza likizo ya namna hiyo.

Usidhani, hata hivyo, kwamba Omani yote ni moto mwezi huo. Kusi hili hili linalotuletea kipupwe, likikaribia Salalah, katika jimbo la Dhofar, hupita juu ya bahari iliyopozwa na maji baridi yanayopanda kutoka chini, kisha hukumbana na milima, na unyevu wake ukageuka ukungu na manyunyu. Wenyewe huuita msimu huo kharifu, nao huanza mwishoni mwa Juni ukaendelea hadi Septemba. Maskati inapoungua, Salalah huwa kwenye nyuzi ishirini na kitu, milima imevaa kijani, na kando ya barabara wanauza madafu na ndizi, utadhani uko shamba Unguja. Ndiyo maana familia kutoka Ghuba nzima hukimbilia huko, na vyumba hupanda bei. Bahari nayo huchafuka, kuogelea ni hatari. Na kutoka Maskati ni karibu kilomita 1,000 kwa barabara, safari isiyofaa kwa watoto. Tena, kusema kweli, sioni haja ya kulipa nauli yote hiyo mkatazame rasharasha na minazi.

Nendeni Desemba, kaskazi ikivuma. Mchana wa Maskati huwa nyuzi 25 hivi, mnaweza kuzunguka ngome ya Nizwa saa sita bila kutafuta kivuli, na kwenye mlima wa Jebel Akhdar, unaopita mita 2,000, usiku mtahitaji masweta mazito. Mawaridi ya huko mtayakosa, kwani huchumwa kuanzia mwishoni mwa Machi. Mkipanga kushuka kwenye mabonde ya wadi, ulizeni kwanza hali ya hewa, maana mvua ikinyesha milimani mafuriko huja ghafla hata pale mliposimama pakiwa pakavu.

Mumeo akipendekeza Februari, mkumbushe kwamba Ramadhani, inayorudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, miaka hii inaangukia mwanzoni mwa mwaka, na mchana mikahawa mingi hufungwa.

Mama yako mdogo anasema chumba kipo. Nijibu kabla mwezi haujaisha ili nimwarifu, nawe umtafutie karafuu. Za kule yeye haziamini.

Mama yako