Ukisoma Wasifu wa Kale wa Waingereza, Anzia Kurasa za Mwisho

Vitabu vya zamani vinavyosimulia maisha ya Waingereza mashuhuri mara nyingi havikai tena kwenye rafu za mbele. Katika maktaba nyingi za Uingereza vimehamishiwa stoo, na msomaji huviomba kaunta kisha akasubiri viletwe. Nimevisoma kwa miaka mingi na ninavipenda kwa dhati. Ushauri wangu kwa anayevianza ni kwamba kabla ya sura ya kwanza achunguze ukurasa wa jina la kitabu, kisha aende moja kwa moja kwenye viambatisho. Waandishi wengi wa karne ya 19 walikuwa marafiki au jamaa wa watu waliowaandika, na aghalabu wajane na watoto wa marehemu walikuwa bado hai, kwa hiyo jambo zito liliachwa kabisa au likawekwa mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki.

Mfano bora ninaoujua ni maisha ya mwandishi wa riwaya Charles Dickens yaliyoandikwa na rafiki yake John Forster katika majuzuu matatu, kati ya 1872 na 1874. Ni humo ambamo wasomaji walijua kwa mara ya kwanza kwamba Dickens, akiwa na umri wa miaka 12, alifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu kando ya mto Thames, wakati baba yake amefungwa katika gereza la Marshalsea kwa ajili ya madeni. Dickens mwenyewe anaeleza jinsi alivyofunika vikopo kwa karatasi yenye mafuta, akaongeza karatasi ya buluu, akavifunga kwa uzi na kubandika lebo, na uchungu wa mtoto yule bado unasikika katika kila sentensi. Kwa kurasa hizo peke yake kitabu kinastahili kuazimwa. Lakini Ellen Ternan, mwigizaji aliyekuwa karibu sana na Dickens tangu 1857, humwoni katika masimulizi. Fungua sasa mwisho wa juzuu la tatu, ambako Forster, aliyekuwa pia msimamizi wa mirathi, alichapisha wasia: urithi wa kwanza kutajwa ni pauni 1,000 kwa Ellen Lawless Ternan. Kwa maoni yangu Forster alitunza siri ya rafiki yake bila kuuficha ushahidi, na msomaji anayeishia sura ya mwisho huukosa.

Angalia pia toleo. Elizabeth Gaskell alichapisha maisha ya mwandishi mwenzake wa riwaya, Charlotte Brontë, mwaka 1857, miaka miwili tu baada ya kifo chake, kwa ombi la baba wa marehemu. Mama mmoja aliyehusishwa humo na kuharibikiwa kwa Branwell, kaka wa Charlotte, alitishia kushtaki. Nakala zikaondolewa sokoni, na toleo la tatu likatoka mwaka huohuo likiwa limerekebishwa. Machapisho ya baadaye hayafuati yote toleo moja, hivyo watu wawili wanaweza kubishana juu ya kitabu kimoja na kila mmoja akawa sahihi. Hata toleo la kwanza halielezi mapenzi ya Charlotte kwa Constantin Heger, mwalimu wake wa Brussels aliyekuwa na mke. Barua zake kwa Heger zilichapishwa katika gazeti la The Times mwaka 1913. Ndiyo maana huwa naazima pamoja na kitabu cha kale kingine kilichoandikwa baada ya nyaraka kufunguliwa.

Kamusi kuu ya wasifu wa Waingereza, Dictionary of National Biography, yenye majuzuu 63 yaliyotoka kati ya 1885 na 1900, isomwe kwa tahadhari hiyohiyo, kwa kuwa wanawake humo ni wachache mno, na mshairi Gerard Manley Hopkins, aliyefariki 1889, aliingizwa katika juzuu la nyongeza la 1993.

Jambo la mwisho ni la haraka: maktaba huondoa vitabu visivyoazimwa, kwa hiyo ukikuta katika orodha yao kitabu cha aina hii kilichoko stoo, kiombe wiki hii.