Mwalimu wa kompyuta Pemba: niliyoyakuta kufuli lilipofunguliwa

Mdogo wangu uliyeanzisha uzi, nimekusoma. Umemaliza diploma ya IT, umepangiwa sekondari moja kaskazini Pemba, na moyo unakuvuta ubaki mjini ufungue kibanda cha kutengeneza simu Darajani, ndipo unauliza uende au ubaki. Waliokujibu juu hapo wanasema Pemba mbali na intaneti hakuna. Intaneti ipo. Na umbali wenyewe ni boti ya usiku, unalala Unguja unaamkia bandari ya Mkoani, Pemba. Yanayokusubiri ni mengine kabisa, na mie niliyefundisha somo hili kisiwani kwa miaka 11 nitakupa ninayoyajua.

Siku yangu ya kwanza mwalimu mkuu alinipokea kwa heshima zote, akatoa ufunguo kwenye mfuko wa kanzu, tukaenda tukafungua. Chumba hakijaguswa tangu msaada ulipoletwa. Kompyuta 14, kila moja imevishwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya babu. Walimu wenzangu wakajaa mlangoni, na mie nikataka kuonesha kwamba nimesoma. Nikachomeka ya kwanza, nikabonyeza. Paa! Moshi. Mashine zilitoka Marekani, na nyuma ya pawasaplai, kile kisanduku kinachopokea umeme, pana kiswichi kidogo chekundu kimekaa kwenye 115. Umeme wetu volti 230. Kukisogeza kwa ncha ya bisibisi ni kazi ya kupepesa jicho, na sikukitazama. Mwalimu mkuu hakunena neno. Alichukua kile kitambaa akaifunika tena, taratibu, kama maiti. Tangu hapo mashine ngeni siiwashi mpaka niizunguke nyuma.

Halafu kuna saa. Utakuja asubuhi ukute watoto wanalia kwamba intaneti imekataa, kila tovuti inasema si salama. Utahangaika na waya, utapiga simu kwa watu wa mtandao, utatukana. Tazama tarehe kwanza pale pembeni ya kioo. Ukikuta kompyuta inaamini leo ni Januari 2009, basi kile kibetri cha duara kwenye ubao wa ndani kimekufa, na vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana kama havijaanza kazi. Kibetri kinaitwa 2032, volti 3. Huku nanunua kwa fundi saa Chake Chake.

Na ile mashine inayopiga mlio tu bila ya kuonesha kitu, usiitupe. Hewa ya bahari inakula vile vimeno vya shaba vya RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya muda. Ichomoe, isugue kwa kifutio cha penseli cha mtoto, irudishe. Nimefufua 5 kwa kifutio kimoja. Chungu nao wanapenda joto la ndani, hilo utalizoea.

Lakini mafundi wako wengi. Ulichoitiwa ni kufundisha, na hapo ndipo diploma inapoishia njiani. Kitabu cha somo ni cha Kiingereza, mtihani wa kidato cha nne ni wa Kiingereza, na watoto ulionao wanakielewa kwa tabu. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama ubaoni nikasoma maana ya RAM na maana ya diski kama zilivyoandikwa. Waliandika wote. Nikauliza swali, kimya. Siku hiyo umeme ukakatika katikati ya kipindi na barua walizokuwa wakichapa zikapotea zote, hakuna aliyehifadhi. Nje ulikuwa msimu, karafuu zimeanikwa mpaka kwenye uwanja wa skuli. Nikawauliza, jamvi limejaa karafuu, mvua inakuja, mtu afanye nini? Darasa zima: "Aanue!" Nikawaambia, basi RAM ndiyo jamvi. Kazi yote inafanyika juu yake kwa kuwa ni peupe na pana nafasi, lakini mvua ikishuka hujaanua, umekula hasara. Diski ni ghala. Umeme kukatika ndiyo mvua.

Sijawahi kueleza tena. Mpaka leo skulini pale hawasemi kusevu, wanasema "Maalim, nishaanua."

Isipokuwa kuna binti mmoja, mkimya, anakaa nyuma, aliyenyoosha kidole wiki iliyofuata. "Maalim, karafuu ukishazianua jamvini hazibaki. Mbona barua yangu nimeianua na bado naiona kwenye kioo?" Wallahi alinishika. Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho yake nikawaambia hili ni jamvi la kijini, unaanua na mzigo unabaki palepale, kinachokwenda ghalani ni nakala. Na ukiendelea kuongeza maneno, ghalani iko ile ya zamani mpaka uanue tena. Wakacheka, ila tangu hapo wakawa wanaanua kila baada ya aya. Mfano wenye tundu ukizibwa na mtoto mwenyewe unafundisha kuliko ule uliokuja mzima.

Excel, ile programu ya hesabu za majedwali, nayo vivyo hivyo. Achana na orodha za bidhaa za kubuni. Wachumaji wa karafuu wanalipwa kwa pishi, na kila nyumba ina daftari la nani kachuma pishi ngapi. Waambie walete daftari la nyumbani. Mwanafunzi mmoja aliingiza hesabu za mama yake akagundua mchumaji mmoja kalipwa mara 2. Mama alikuja skulini, nikadhani nina kesi, kumbe anataka na yeye afundishwe.

Vipindi vya ziada jioni usivipange, alasiri watoto wako chuoni wanasoma Kurani, na ndivyo itakiwavyo. Jumamosi asubuhi inafaa. Msimu ukikolea darasa litapungua nusu, usigombane na wazee, rudia somo.

Umeme kukatika pia usikufanye ufunge chumba. Mie nilikuwa nasoma SUZA, chuo kikuu cha Zanzibar, wakati Unguja ilipokaa gizani karibu miezi 3, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika. Tuliandika programu kwa penseli na kuifuata mstari kwa mstari kwa kidole, na mpaka leo nikiona kosa kwenye programu ni kwa sababu ya miezi ile. Pemba waya wa kutoka Tanga umefika 2010, kabla ya hapo kisiwa kilikuwa cha majenereta. Sasa ni nafuu sana, lakini nina kibodi 40 nilizochora kwenye manila. Umeme ukienda, vidole vinahamia kwenye karatasi. Na hata umeme ukiwepo, kwa kompyuta 9 zilizo hai na watoto 40, nusu yao wako kwenye manila wakisubiri zamu.

La mwisho, ambalo ndilo lililotaka kunifukuza kazini: utakuwa fundi wa kila mtu. Mitihani ya walimu wote utaichapa wewe, kadi za harusi wewe, simu ya jirani wewe. Flashi zitakuja na virusi, mafaili yamefichwa, na mwenyewe atasema wewe ndiye uliyeyafuta. Mie nilichapa mitihani ya skuli nzima muhula 4, nalala saa 8 usiku, masomo yangu mwenyewe yanadorora. Kisha nikatangaza, Jumamosi 3 nafundisha walimu kuchapa, baada ya hapo mtihani nachapa wangu tu. Wawili walininunia, mmoja mpaka leo salamu yake ni ya mkato. Ningeanza hivyo mwezi wa kwanza wasingeninunia.

Kwa hiyo swali lako: nenda. Kibanda cha Darajani kitakuwepo, vipo 100. Ila kabla hujasaini, muulize mwalimu mkuu ufunguo wa chumba utakaa kwa nani. Akisema utakaa kwake, zungumza naye palepale, kwa adabu, mpaka upate wa pili. Na hivyo vibetri vya 2032 nunua mjini kabla hujapanda boti, chukua hata 20. Huyu fundi saa wa Chake akiniona tu natokea kona, bei inapanda.