Vidole Kwanza: Kwa Watarajali Wapya wa Fiziotherapia

Wadogo zangu, mkianza zamu wodi ya mifupa, mgonjwa aliyevunjika kifundo cha mkono mtamwona mwepesi. Anatembea mwenyewe, anakula mwenyewe, kesho anaruhusiwa. Aliyevunjika paja ndiye anayewatoa jasho, huyu mnampita. Mimi nilimpita mmoja, na sijamsahau.

Alikuwa mama lishe wa miaka 60 na kitu. Aliteleza uani na ndoo ya maji, akajikinga kwa kiganja, na mfupa ule wa upande wa dole gumba ukavunjika karibu kabisa na kifundo. Kwenye mafaili mtaona umeandikwa jina la Colles, daktari wa Dublin aliyeueleza uvunjikaji huu mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Alitegemea macho na kupapasa. Nanyi papaseni mkono kabla ya kukimbilia picha.

Vipande vilikuwa vimesogea hadi ndani ya kiungo, hogo, ile plasta ngumu, peke yake lisingevishika. Daktari alipasua upande wa kiganja, akapanga mfupa, akafunga bamba la chuma kwa skrubu. Kazi ilikuwa safi. Nami nikamwambia, "Mama, pumzisha mkono." Basi. Mama wa watu akatii. Alirudi wiki ya sita, mfupa umeunga vizuri, vidole vimekakamaa kama vijiti. Hakuweza kukunja ngumi wala kushika mwiko.

Ndiyo maana nasema vidole vianze siku ileile ya upasuaji, ganzi ikiisha tu. Akunje ngumi yote, anyooshe vidole vyote, aguse kila kidole kwa dole gumba. Mara 10, kila saa anapokuwa macho. Mkono ukae juu ya mto, juu kuliko moyo, maana uvimbe ukituama ndani ya kiganja ndio unaogandisha viungo. Pete ivuliwe mapema. Bega na kiwiko navyo vichezeshwe. Mkono unaotundikwa shingoni siku nzima huondoka na bega. Na msimwambie tu: mwambie akuonyeshe, mbele yako, kisha mwite aliyemleta naye aone.

Kifundo chenyewe hakina haraka hiyo. Mwenye bamba imara huanza kukichezesha taratibu baada ya wiki 2 hivi, daktari akiruhusu. Aliyewekewa waya za kushika mfupa badala ya bamba hubaki na hogo mpaka waya zing'olewe, kwa kawaida wiki ya 4 hadi ya 6. Kubeba uzito kusubiri picha ionyeshe mfupa umeshika. Kabla ya hapo, kikombe cha chai kinatosha.

Kwa mazoezi ya kugeuza mkono, situmii maneno ya darasani. Kiganja kitazame juu, kama anaomba dua. Kisha viganja vibanane kifuani, viwiko vikipanda kidogo kidogo. Mwislamu au Mkristo, mmoja wa mikao hiyo anaujua tangu utotoni, hatausahau akifika nyumbani.

Yapo mambo ya kumrudisha kwa daktari siku hiyohiyo. Ganzi inayozidi kwenye dole gumba, kidole cha shahada na cha kati: mshipa wa fahamu unabanwa. Maumivu yasiyolingana na jeraha, ngozi ikibadilika rangi na kung'aa. Na dole gumba: mwekee kiganja mezani, mwambie alinyanyue, kisha akunje ncha yake. Likigoma ghafla, hata wiki kadhaa baadaye, huenda kano imekatika, pengine kwa kusuguliwa na chuma. Kipimo hiki hakichukui dakika moja. Kifanyeni kila anapokuja.

Mama yule tulihangaika naye miezi. Maji ya uvuguvugu, kukanda unga, kukamua kitambaa. Nguvu ya kushika huendelea kurudi hata kufikia mwaka, kwa hiyo sikumruhusu akate tamaa mwezi wa tatu. Ugali wa sufuria ndogo aliusonga mwezi wa saba.

Kuna swali nililochelewa kumuuliza: ulianguka kutoka wapi? Mwanamke wa umri ule akivunjika kwa kuteleza tu akiwa amesimama, mifupa yake huenda imepungua uzito, na anguko linalofuata linaweza kuvunja nyonga. Mwandikieni daktari, aangaliwe mifupa. Kisha muulizeni kuhusu ule ua: una utelezi bado?