rsync inanizalishia folda ndani ya folda: tatizo liko wapi?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina studio ndogo ya video za harusi hapa Morogoro. Nahariri nyumbani kwenye laptopu yenye Ubuntu, halafu usiku napeleka kazi kwenye kompyuta ya ofisini, nayo ni Ubuntu, kwa amri ya rsync, programu ya kunakili faili kati ya kompyuta, niliyopewa na rafiki:

`rsync -rv harusi seva:/hifadhi/harusi`

Kuna siku faili zinakaa mahali pake, kuna siku naikuta folda ya harusi ndani ya harusi, na diski imeanza kujaa. Halafu kila usiku inazitaja faili zote upya, hata za mwaka jana, ingawa cha ajabu bando halipungui kiasi hicho. Mtandao ukikatika katikati ya video ya GB 6, inaanza mwanzo. Nimesikia --delete inasafisha, niitumie? Na mwenzangu wa ofisini naye anahariri. Nikipeleka ya kwangu, ya kwake inapona?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Umefanya vizuri kuniletea amri yenyewe badala ya kuisimulia, maana kosa limo humo humo, na si moja.

Tuanze na folda ya ndani. Kwenye rsync, mkwaju (/) mmoja mwishoni mwa jina la chanzo unabadilisha maana nzima. Ukiandika `harusi` bila mkwaju, umeiambia: chukua folda hii, na jina lake, uiweke kule. Ukiandika `harusi/`, umeiambia: chukua vilivyomo tu. Sasa wewe mahali pa kufikia umeshapaita /hifadhi/harusi, kwa hiyo usipoweka mkwaju unapata /hifadhi/harusi/harusi. Mkwaju wa upande wa pili, kule faili zinakoenda, hauna madhara hayo. Uweke au uache.

Lakini mbona inatokea siku nyingine tu? Nadhani namjua mhalifu: kitufe cha Tab. Ukiandika `har` ukabonyeza Tab, terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, inakumalizia jina na kuongeza mkwaju yenyewe. Siku ukiliandika jina lote kwa mkono, mkwaju haupo. Amri inaonekana ile ile, matokeo mawili. Nimewaona mafundi wa miaka mingi wakizunguka na hili mchana kutwa.

Ile nakala ya ndani usiifute kwa hasira. Ingia kwenye kompyuta ya ofisini, uzilinganishe kwanza:

`rsync -rcni /hifadhi/harusi/harusi/ /hifadhi/harusi/`

Herufi c inailazimisha isome yaliyomo kwenye kila faili badala ya kuamini tarehe, n inaizuia isiguse kitu, na i inaiagiza itaje tofauti. Kwa video itachukua muda, kanywe chai. Ikimaliza bila kutaja faili yoyote, basi kila kilicho ndani kipo pia nje, na ya ndani unaweza kuifuta. Ikitaja faili, hizo ndizo za kuangalia moja moja.

Sasa hili la kurudia faili za mwaka jana. rsync haisomi kila faili ili kujua kama imebadilika, ingechoka. Inaangalia vitu viwili tu: ukubwa, na saa faili ilipobadilishwa mara ya mwisho. Vikilingana pande zote mbili, inaipita. Amri yako ina -r, yaani ingia ndani ya folda zote, lakini haina t, inayohamisha saa ya faili. Kwa hiyo video ya Desemba ikifika ofisini inaandikiwa saa ya usiku huo iliyofika. Kesho yake saa hazilingani, na rsync inaona kama faili imeguswa.

Na hapo ndipo penye jibu la ajabu yako ya bando. Inapoishuku faili, haiitumi yote. Upande wa ofisi unaikata nakala yake vipande vipande, unapiga hesabu ya kila kipande, na kutuma hesabu hizo kwako. Laptopu yako inazitafuta ndani ya faili yake, kisha inatuma vile vipande tu ambavyo ofisi haina. Faili ikiwa haijabadilika, kinachosafiri ni hesabu, si picha. Gharama inabaki kwenye diski na muda, kwa sababu kompyuta zote mbili zinalazimika kuisoma faili nzima. Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliubuni ujanja huu mwaka 1996 wakiwa chuo kikuu cha taifa cha Australia, Canberra, wakifikiria laini za mawasiliano zisizo na kasi. Shida yako hasa. Ila ukinakili kutoka diski moja kwenda nyingine ndani ya kompyuta moja, ujanja huo unazimwa, kwa kuwa kuandika faili nzima ndiko haraka zaidi.

Dawa ni kuacha -r na kutumia -a, ambayo inabeba r, t na nyingine kadhaa za kuhifadhi ruhusa na viungo (faili zinazoelekeza tu kwenye faili nyingine). Usiku wa kwanza bado itazipitia zote ili isahihishe saa. Kuanzia usiku wa pili utashangaa inavyomaliza upesi.

Kuhusu kukatika kwa mtandao: rsync inaijenga faili mpya pembeni kwa jina la muda, na safari ikikatika huitupa. Iambie iitunze:

`rsync -av --partial-dir=.rsync-partial --progress harusi/ seva:/hifadhi/harusi/`

Wengi hutumia -P, ambayo ni fupi, lakini yenyewe huiacha faili nusu ikiwa na jina lake kamili, na asubuhi mwenzako ataifungua akidhani imekamilika. Kwa njia hii nusu inakaa kwenye folda iliyofichwa mpaka itimie. Jambo moja lisikutishe: ukirudia amri, asilimia itaanza tena kwenye 0. Angalia kasi. Ukiona inakimbia kuliko mtandao wako unavyoweza, ujue inapita kwenye sehemu iliyokwisha kufika.

Rafiki akikushauri uongeze z ya kubana data, muache. Video za MP4 tayari zimebanwa.

Tuje kwenye --delete. Inafuta upande wa pili kila kisichokuwepo kwenye chanzo, na haiulizi. Niliwahi kumwekea mteja amri ya namna hiyo ijiendeshe yenyewe saa 8 usiku, chanzo kikiwa diski ya nje. Siku moja diski haikuunganishwa. Folda ya kuiunganishia ilikuwepo, tupu. Kwa rsync, folda tupu si kosa, ni maagizo: ikafuta nakala yote ya upande wa pili. Diski yenyewe ilikuwa nzima kwenye droo, ndiyo maana bado tunasalimiana.

Kwako, kwa kuwa ofisini kuna mtu mwingine anayefanya kazi humo humo, jibu ni usiitumie. Kila faili aliyoitengeneza yeye, na wewe huna, ingekwenda. Siku ukiihitaji kweli, kwenye folda ambayo ni yako peke yako, ongeza `--max-delete=20` ili ikifikia idadi hiyo iache kufuta, na `-b --backup-dir=/hifadhi/zilizofutwa` ili zinazoondolewa zihamishiwe huko badala ya kupotea.

Tena kabla ya kupeleka chochote, iendeshe kwanza na -ni. Mstari unaoanza na `<f+++++++++` ni faili mpya inayokwenda, `<f..t......` ni ile ambayo saa tu ndiyo tofauti, na usiku wa kwanza utaziona nyingi, `*deleting` unajieleza.

Mwenzako sasa. rsync ni barabara ya upande mmoja. Mkiihariri faili ile ile wote wawili, ya kwako itaifunika ya kwake bila neno. Ukiongeza -u, itaiacha faili ya ofisini kama ni mpya kuliko yako, lakini hapo kazi yako ndiyo inayobaki nyumbani. Programu za kulandanisha pande mbili zipo, Unison na Syncthing, na zinapokuta faili imebadilishwa pande zote huonyesha mgongano badala ya kuchagua kimyakimya. Hata hivyo haziwezi kuunganisha uhariri wa watu wawili kwenye mradi mmoja wa video. Kwa studio ya watu wawili mimi ningefungua folda mbili kule ofisini, yako na yake, na kila harusi ikae kwa aliyeishika.