Kazi za Spalding na Boston, Lincolnshire: angalia saa za kazi, siyo mshahara

Mkuu, umesema shemeji amepata kazi ya uuguzi Pilgrim, hospitali ya Boston huku mashariki mwa Uingereza, nawe unakuja kama tegemezi wake ukiwa na shahada ya biashara. Ukauliza kama huko mashambani kuna kazi au utabaki nyumbani unalea. Waliokujibu wamegawanyika: wengine wanasema kazi zimejaa tele, wengine wanasema ni utumwa mtupu, heri mshukie London hukohuko. Mimi naishi Spalding tangu 2011. Nimesimama mkandani, yaani kwenye ule mkanda wa kiwandani unaopitisha mboga, nimeendesha foklifti, gari la kunyanyua mizigo, na sasa ni mwaka wa sita nipo ofisi ya kupanga uzalishaji katika kiwanda cha kufungasha mboga. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza sikuwa na wa kunieleza, na ulinitesa.

Kazi ipo. Hilo ondoa wasiwasi. Ila ujue ni kazi ya namna gani na inatoka wapi.

Spalding ni makao ya wilaya ya South Holland, watu 95,100 kwa sensa ya 2021. Boston ni wilaya ya jirani, watu 70,500. Eneo lote hili lilikuwa kinamasi. Walikausha kwa mitaro na matuta karne kwa karne, na mpaka leo pampu zinafanya kazi kuzuia maji yasirudi, maana sehemu kubwa iko usawa wa bahari au chini yake. Ukiendesha gari utaona mfereji ulionyooka kama rula, shamba, mfereji mwingine, shamba tena, na mnara wa kanisa la Boston unaonekana tangu mbali kwa sababu hakuna kilima cha kuuficha. Ardhi iliyobaki baada ya maji kuondoka ni ya daraja la juu kabisa Uingereza. Ndiyo maana kuna kabichi, koliflawa, brokoli, viazi, biti za sukari, malenge ya Oktoba, na maua ya dafodili yanayochumwa yakiwa bado matumba, baridi haijaisha. Zamani Spalding ilijulikana kwa tulipu. Gwaride la magari yaliyopambwa kwa maua lilianza 1959, likasimama baada ya 2013, likarudishwa 2023. Wazee wa hapa wakikumbuka gwaride lile la zamani macho yao hubadilika.

Lakini usifikiri utashika jembe. Wanaoshinda shambani ni wachache kuliko unavyodhani. Wengi wapo ndani ya viwanda vinavyoosha, kukata, kupima, kufungasha, kugandisha na kupakia. Barabara ya A17 usiku imejaa malori tu. Na kwa kuwa mashine, vyumba baridi, malori na watu vipo hapa tayari, hata mboga na maua ya nchi nyingine huletwa hapa kufungashwa. Zamu yangu ya kwanza, boksi la kwanza nililofungua lilikuwa la maharage machanga kutoka Kenya. Nikaona lile neno kwenye lebo, nikasimama kidogo. Kuna dada fulani kule alikuwa ameyakata ncha, na mimi mtoto wa Muheza, Tanga, nikawa nayapanga kwenye trei ndani ya chumba cha nyuzi 4, soksi mbili miguuni na bado vidole havina hisia.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu hawakuambii. Kiwango cha mshahara karibu kote kinafanana, kwa sababu wengi hulipwa kima cha chini cha kisheria au juu yake kidogo. Aprili 2025 kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, na kila Aprili hupandishwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kiwanda fulani kinalipa vizuri zaidi kwa senti 15, usihangaike. Muulize: wiki iliyopita ulipata saa ngapi? Na ile iliyotangulia? Na Januari? Kwa kiwango hicho cha 2025, saa 40 ni pauni 488 kabla ya makato. Saa 22 ni karibu pauni 269. Ni mtu yuleyule, mkanda uleule, kiwango kilekile. Kodi ya nyumba haijui kwamba wiki hii umefanya saa 22.

Kwa nini saa zinapanda na kushuka hivyo? Kwa sababu mwenye saa siye kiwanda, wala siye wakala, ile kampuni inayopelekea viwanda vibarua. Ni supamaketi. Nipo upande huo wa meza sasa, naona. Supamaketi hutuma makadirio mapema, halafu oda kamili inakuja siku yenyewe, na malori lazima yaondoke jioni ileile, kwa sababu saladi haiwekwi ghala. Jua likichomoza ghafla Ijumaa, Uingereza nzima inataka kuchoma nyama bustanini, oda ya saladi inaruka, na sisi tunapiga simu kutafuta watu. Mvua ikinyesha, tuliowaita saa kumi na mbili asubuhi tunawarudisha saa nne. Wiki ya wapendanao na Siku ya Akina Mama ya Machi, kwenye maua hulali. Kabla ya Krismasi kuna zile kabichi ndogo za ukubwa wa ndimu ambazo Mwingereza hawezi kula Krismasi bila hizo. Watu huzivuna shambani zikiwa na barafu. Halafu Januari, kimya. Hatari yote ya hali ya hewa na ya mlaji kubadili mawazo inashushwa ngazi kwa ngazi mpaka inamfikia mtu wa mwisho, aliyesimama kituoni gizani akisubiri basi dogo la wakala.

Mimi nilikuwa mtu huyo. Saa kumi na nusu alfajiri, basi linapita, tunajazana. Siku nyingine ujumbe unaingia kwenye simu ukiwa umeshavaa: leo hakuna kazi. Siku nyingine unafika, unafanya saa tatu, mnaambiwa oda imekatwa, lakini basi la kurudi ni la mchana, kwa hiyo mnakaa kwenye chumba cha chakula bila malipo, na nauli ya basi mnakatwa nzima. Wakala niliyekuwa naye mwaka ule alinikata hata pesa ya viatu mara mbili, na sikuuliza kwa sababu sikujua kusoma hati yangu ya mshahara. Mke wangu, ambaye hesabu anaziweza kuliko mimi, ndiye aliyekaa nayo mezani usiku mmoja akaniambia, hapa umeibiwa. Nikaenda na karatasi nne mkononi, wakanirudishia. Wenzangu wawili waliogopa kwenda. Bado inaniuma kwamba sikuwachukua mkono tukaenda pamoja.

Mfumo huu wa wakala na nyapara ni wa kale sana hapa. Enzi za Malkia Victoria, nyapara alikuwa anakusanya wanawake na watoto vijijini, anawapeleka kwa genge shamba hadi shamba. Hali ilikuwa mbaya mpaka 1867 Bunge likatunga sheria kuzuia watoto wa chini ya miaka 8 na kuwataka manyapara wawe na leseni. Fikiria hilo, miaka 8! Na sisi tuliokulia Tanga tukisikia habari za manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge enzi za ukoloni, hatuhitaji kufafanuliwa sana. Baadaye usimamizi ukalegea. Februari 2004, upande mwingine wa nchi, Morecambe Bay, Wachina wasiopungua 21 waliopelekwa kuokota kombe za baharini usiku walizamishwa na maji yaliyojaa. Mwaka huohuo ikapita sheria ya kuwarudishia leseni mawakala wa kilimo, uvuvi wa kombe na ufungashaji wa chakula. Kwa hiyo kabla hujasaini popote, tafuta jina la wakala kwenye orodha ya wenye leseni, ipo wazi mtandaoni. Wakala haruhusiwi kukutoza hata senti kwa kukutafutia kazi. Akidai ada, ondoka. Likizo ya malipo unaichuma hata kama ni kibarua wa wakala. Na ukitimiza wiki 12 sehemu moja, kazi ileile, unastahili malipo ya msingi sawa na aliyeajiriwa moja kwa moja. Ila ukikatika zaidi ya wiki 6, hesabu inaanza upya. Iandike kwenye daftari.

Utakaofanya nao kazi wengi ni watu wa Ulaya Mashariki. Wareno walikuwapo mapema, halafu Mei 2004 Poland, Lithuania, Latvia na wenzao walipoingia Umoja wa Ulaya, wakaja kwa wingi, wakafuata Wabulgaria na Waromania. Kwenye mkanda nilijifunza namba za Kirusi kabla ya kujifunza majina ya mitaa. Juni 2016, Boston ilipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya kwa asilimia 75.6, ya kwanza nchi nzima, na South Holland ikafuata kwa 73.6. Wapo watakaokuambia ni chuki tu. Mimi niliishi hapa na sikubali jibu jepesi hivyo. Chuki ipo, nimetukanwa dukani, siwezi kusema haipo. Lakini jirani yangu, mzee aliyevuna viazi tangu akiwa kijana, aliniambia kinachomuuma ni kwamba mwanawe hakuweza kupata nyumba ya kupanga, kwa sababu mwenye nyumba anapata zaidi akiweka vitanda kwa watu wanane. Na daktari wa mtaa alibaki yuleyule wakati watu wameongezeka. Faida ya kabichi ya bei nafuu ilienda kwa walaji wa nchi nzima, msongamano ukabaki hapa. Mzee huyohuyo ndiye aliyenifundisha kupanda vitunguu saumu na anamletea binti yangu stroberi kila Juni.

Uhuru wa watu wa Ulaya kuingia ulipokoma mwisho wa 2020, viwanda vilitikisika. Waliokuwa na makazi walibaki, wengine walirudi kwao. Mashambani sasa kuna wa viza ya msimu, miezi 6 tu, hawaji na familia, wengine wanatoka mbali kama Kirgizia na Tajikistan. Viwandani mashine za kupanga na kukagua kwa kamera zinaongezeka. Huo ndio wakati unaoingia wewe. Kama mume wa muuguzi unaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote, kwa mwajiri yeyote. Wa viza ya msimu hana uhuru huo. Kwa hiyo usijifungie mahali pamoja kwa woga.

Ushauri wangu: ingia kiwandani kwanza kama huna kitu kingine, ule mshahara wa mwanzo unasaidia, na utaujua mji. Lakini jiwekee mwaka mmoja wa kutoka mkandani. Mimi niliomba kufundishwa foklifti mwezi wa saba, nikaambiwa subiri. Nikalipia mwenyewe kozi ya siku chache, na saa zangu zikatulia, kwa sababu dereva wa foklifti anahitajika hata Januari. Kutoka hapo nikasogea kwenye ukaguzi wa ubora, halafu ofisini. Wewe una shahada ya biashara. Vyumba vya kupanga oda na usafirishaji vinatafuta watu wanaojua hesabu na ambao wameshawahi kusimama mkandani. Chuo Kikuu cha Lincoln kina kituo cha mafunzo ya utengenezaji wa chakula pale Holbeach, mji mdogo wa jirani, na viwanda hupeleka wafanyakazi wao huko. Ukishaajiriwa moja kwa moja, uliza mapema, uliza kwa maandishi. Wanaokaa kimya husahaulika, nimeliona hilo nikiwa upande ule na nikiwa upande huu.

Mambo ya gari usiyapuuze. Leseni ya kwetu unaitumia miezi 12 tangu uhamie, baada ya hapo lazima ufanye mtihani wao, haibadilishwi dirishani. Anza nadharia mwezi wa kwanza. Bila gari huku unakuwa mateka wa basi la wakala. Reli ya Spalding kwenda Boston ilifungwa 1970, na A16 kwa sehemu imepita palepale pa njia ya reli. Kwa hiyo msipange nyumba Spalding kwa sababu tu ina treni ya kwenda Peterborough, unakounganisha ya London. Shemeji atakuwa anatoka zamu ya usiku amechoka. Pangeni Boston, upande wa hospitali, atembee kwa miguu. Wewe ndiye usafiri.

Akishapewa ratiba yake, iweke hapa kwenye uzi. Nitakutajia maeneo ya viwanda ambayo zamu zake hazigongani na za kwake, ili watoto wasibaki peke yao alfajiri.