Maswali ya wasomaji: Bunduki ya koyote kwa ndugu aliye Wyoming

SWALI: Mzee, salamu kutoka Elburgon. Ndugu yangu mdogo ana kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani daima, na anafanya kazi kwa mfugaji wa kondoo nje ya mji wa Casper, Wyoming. Kondoo wakianza kuzaa, koyote wanawamaliza wana-kondoo, na tajiri wake amemruhusu awawinde baada ya kazi. Sasa anataka fundi amtengenezee bunduki yake mwenyewe, ya kufika yadi 600. Wenzake wanamsukuma achukue ya .300 Winchester Magnum, risasi kubwa yenye nguvu nyingi. Tunajua wewe ulichunga kondoo huko kabla ya kurudi Molo. Aanzie wapi, na pesa nyingi aziweke wapi?

JIBU: Mwambie aanze na mnyama, bunduki baadaye. Koyote ni wa ukoo mmoja na bweha wetu, ila amemzidi mwili kidogo. Wale wa upande huo wa Marekani wengi wana kilo 10 hadi 16. Majira ya baridi huota manyoya mazito, na ukimtazama kwenye darubini utadhani ni mbwa mkubwa. Mchune ndipo utaona. Kifua ni chembamba, na mahali penye moyo na mapafu hapazidi sana upana wa kiganja, tuseme sentimita 10 hadi 12. Shabaha yake yote ni hiyo.

Sasa apige hesabu. Bunduki inayosifiwa dukani kwamba ni ya “dakika moja”, kipimo kidogo cha pembe, hutawanya risasi ndani ya sentimita 3 hivi kwa yadi 100. Kwa yadi 400 mtawanyiko huo umefika karibu sentimita 11. Kiganja kimekwisha, na bado mkono haujatetemeka wala upepo haujavuma. Kwa yadi 600 ni sentimita 16. Kwa hiyo fundi aahidi nusu dakika, na aithibitishe kwa karatasi zilizopigwa kwa risasi zile zile ndugu yako atakazotumia. Hata akiipata, mimi ningemwekea mpaka wa yadi 400. Koyote aliyepigwa tumbo hukimbia akajifiche, akafa polepole, na simtakii mnyama yeyote kifo hicho, hata huyu anayekula wana-kondoo.

Upepo ndio utakaomsumbua kuliko kitu kingine chochote. Casper inajulikana kwa upepo. Mtu amelala nyuma ya kichaka, pale alipo kumetulia kabisa, lakini kwenye bonde lililo katikati yake na koyote nyasi zimelala chini. Risasi itapita humo. Chukua .22-250 Remington yenye risasi ya greni 55 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), ambayo wawindaji wa koyote wameipenda miaka mingi kwa kasi yake: upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni, kwa yadi 400 risasi husukumwa pembeni karibu sentimita 40. Umelenga kifua, umepiga hewa. Chukua risasi ndefu ya milimita 6, ya greni 105 au 108, iliyochongoka vizuri. Inatoka kwenye mtutu polepole zaidi, lakini hewa haiikamati kwa urahisi, na upepo ule ule huisukuma zaidi kidogo tu ya nusu ya hapo. Kwa sababu hiyo ningechagua 6mm Creedmoor, bunduki inayotumia risasi hizo ndefu, bila kusitasita.

Hiyo .300 Winchester Magnum wamwachie mwindaji wa elki, yule kulungu mkubwa wa huko. Inarusha risasi kwa nguvu asizozihitaji, na teke lake humwondoa macho kwenye darubini wakati ule ule anaotaka kuona risasi imetua wapi. Mtu asiyeona risasi yake ilipotua hawezi kurekebisha ya pili. Tena akiipiga sana ataanza kufumba macho kabla hata hajavuta kifyatuo, na tabia hiyo ikishaingia haitoki upesi.

Pesa aziweke kwenye mtutu na kwenye darubini. Mtutu uwe wa chuma cha pua, inchi 24, unene wa wastani. Kuna mitutu iliyozungushiwa nyuzi za kaboni, ni myepesi na ni ghali. Atakayetembea kwenye theluji siku nzima ataona faida yake, lakini anayepanda gari la shambani hadi kilimani hana haja nayo. Jambo la kusisitiza kwa fundi ni msokoto wa mifereji ya ndani: mzunguko mmoja kila inchi 8, au kasi zaidi kidogo. Watu wengi hujikwaa hapa. Bunduki za .22-250 zilizozoeleka madukani zina mzunguko mmoja kila inchi 14 au 12, na .243 Winchester nyingi zina inchi 10. Risasi ndefu ikipita kwenye msokoto wa polepole haitulii, inaweza kufika kwenye karatasi ikiwa imelala ubavu na kuacha tundu lenye umbo la tundu la ufunguo. Akiona tundu la namna hiyo asihangaike na darubini, tatizo ni mtutu na risasi kutopatana.

Kuhusu mtambo wenyewe, yaani sehemu inayoshika mtutu na bolti, achukue wowote wenye umbo la Remington 700. Bunduki hiyo ilitoka mwaka 1962, na mafundi wengi wa leo wamefuata vipimo vyake, kwa hiyo vitako na vifyatuo vya kuingia humo vimejaa sokoni. Siku mtutu umechoka, fundi ataufungua afunge mwingine, naye atumie geji kupima nafasi ya risasi mbele ya bolti. Na mtutu utachoka. Risasi hizi za moto mwingi hula koo la mtutu, kwa hiyo mazoezi mengi ayafanye na bunduki ya .223, ambayo risasi zake ni za bei nafuu.

Darubini iwe ya kukuza mara 4 hadi 16. Wengi hununua inayoanzia mara 8, wakidhani masafa marefu ndiyo kazi yote. Koyote anayeitwa kwa mlio wa sungura aliyeumia anaweza kutokea mbio hatua 30 kutoka ulipo, na kwenye darubini iliyokuzwa sana hutaona kitu ila manyoya. Mara nyingi huzunguka kwanza aende upande wa upepo anuse, kwa hiyo huko ndiko pa kuangaliwa. Bunduki nzima na darubini yake isizidi kilo 5. Kipima umbali cha leza ni lazima.

Jambo moja la sheria, kwa vile barua hizi husomwa na vijana wengi walio huko. Ndugu yako ana kadi ya kijani, kwa hiyo kizuizi ninachokitaja hapa hakimhusu. Lakini aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, kama ya masomo, sheria ya nchi nzima inamkataza kumiliki bunduki wala risasi isipokuwa ana ruhusa maalumu, mojawapo ikiwa leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Wyoming haidai leseni kwa koyote, maana imemweka kwenye orodha ya wanyama waharibifu, na hapo ndipo kijana hujiona yuko salama. Hayuko salama. Aikate leseni hata kama jimbo halimdai.

SWALI: Mzee, mimi nina kondoo Mau Narok na bweha wananimaliza. Je, bunduki ya namna hiyo inaweza kuletwa huku?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, iondoe akilini. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamlinda bweha pia. Mripoti kwa ofisi ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, iliyo karibu nawe. Na nakusihi usitege nyama yenye sumu. Tai watakuja kuila, na mbwa wa jirani pia.

Kazi yako iko kwenye boma. Bweha hapendi kuruka ikiwa anaweza kuchimba. Zika wavu sentimita 30 chini ya ardhi, kisha upinde ncha yake ielekee nje, ili anapochimba kwenye ukuta akutane nao chini ya miguu yake mwenyewe. Kondoo walio karibu kuzaa walale ndani, na kondo la nyuma lizikwe mbali siku ile ile, kwa sababu harufu yake ndiyo inayomwita. Mbwa wa boma achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, maana bweha hubeba ugonjwa huo, na mbwa ndiye atakayekutana naye usiku.