Kabla hujaiponda muvi ya kijasusi, uliangalia miwani?

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia, "kaka na mimi nataka nichambue muvi za kijasusi na za ujambazi mpaka watu wanikubali, naanzia wapi?" Nilicheka peke yangu. Angeniuliza miaka mitatu nyuma ningemjibu kwa mbwembwe, maana enzi hizo nilijiona bingwa. Sasa ngoja niwasimulie nilivyoumbuka, najua na wewe unayesoma unataka hicho hicho anachotaka yeye.

Muvi yenyewe ni Tinker Tailor Soldier Spy ya 2011, Gary Oldman kacheza mzee George Smiley anayemsaka ndumilakuwili ndani ya idara ya ujasusi ya Uingereza, enzi za Vita Baridi. Niliiangalia usiku, simu mkononi, huku nachati, pakinichosha napeleka mbele. Hamna magari kukimbizana, steringi mwenyewe mzee kakaa kimya tu kama anasubiri daktari. Asubuhi nikashusha uchambuzi mrefu nikaiponda haswa, eti imepooza, na kibaya zaidi mwongozaji anaturudisha nyuma anatuleta mbele bila kutuambia tuko wakati gani. Nikamalizia na kejeli moja ambayo hapa siirudii.

Laiki zikamiminika, nikawa nazihesabu. Halafu akaja jamaa mmoja, hakutukana, aliuliza tu: "Kwenye ile sherehe ya Krismasi Smiley kavaa miwani gani?"

Miwani? Nikamjibu kwa dharau, kwamba wenzako tunaongelea stori wewe unaleta miwani. Hakusema tena kitu. Lakini lile swali lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni, kesho yake nikairudia, safari hii simu nimeiacha chumba kingine. Kumbe mwanzoni kabisa, akishaondolewa kazini, Smiley anaenda kupima macho na kuchukua miwani mpya, fremu kubwa. Kuanzia hapo ukimwona na ile ya zamani ujue tumerudi nyuma, ukimwona na mpya ujue tuko sasa. Yaani saa ya muvi nzima ilikuwa imekaa juu ya pua ya steringi muda wote, na mimi nahangaika na simu yangu!

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, simu weka mbali. Wa pili, irudie muvi kabla hujaandika, na ukiirudia simu iwe mbali vile vile.

Chukua The Conversation ya Coppola, 1974. Gene Hackman ni fundi wa kunasa maongezi ya watu, kawarekodi wawili wanazunguka Union Square kule San Francisco katikati ya makelele, halafu anakaa na tepu zake anaisafisha sauti kidogo kidogo mpaka inatoka sentensi moja, kwamba kuna mtu angewaua akipata nafasi. Mwanzo uzito wa sauti umeangukia kwenye kuua, unawaonea huruma. Mwishoni maneno ni yale yale, uzito umehamia pengine na stori yote inapinduka (naishia hapo, kaangalie mwenyewe). Na kwa Kiswahili kuua na wanaouawa vyote vimo ndani ya neno moja tu, "angetuua", kwa hiyo subtaito haikuonyeshi uzito uko wapi, lazima utege sikio. Sasa wewe unayesoma subtaito kwa jicho moja na jingine liko kwenye meseji, unachambua nini hasa? Mnapenda sana risasi jamani. Hata Heat ya 1995 mtu atakusimulia ile vita ya barabarani mwanzo mwisho, lakini ile meza ya kahawa ambapo De Niro jambazi na Pacino polisi wanaongea taratibu kama marafiki hana la kusema, na pale ndipo kila mmoja anamwambia mwenzake usoni kwamba ikibidi atamuua. Acheni uvivu wa macho.

Basi nikaandika upya, nikakiri kosa hadharani, nikamtumia yule jamaa wa miwani. Wiki mbili kimya. Akaja kujibu neno moja: "Afadhali."

Na laiki za uchambuzi wa pili hazikufika hata nusu ya ule wa kejeli.